Picha nyepesi hufika haraka: namna ya kupunguza uzito wa picha kabla ya kuiweka kwenye intaneti



Katika kamati nyingi za wakimbizi wa ndani kuna kijana mwenye simu ya kamera. Yeye ndiye anayepiga picha ya daraja lililovunjika, ya kisima kilichotengenezwa, ya orodha iliyobandikwa ukutani, ya mkutano wa mapatano kati ya wenyeji na waliokimbilia kwao. Baadaye picha hizo zinawekwa kwenye ukurasa wa intaneti wa shirika au wa jumuiya, ili walio mbali nao wazione. Lakini mara nyingi aliye mbali anafungua ukurasa, anangoja, mega zinaisha, na picha haijaonekana. Makala haya yanaeleza sababu yake, na kazi ya dakika chache inayoweza kuondoa shida hiyo.

Kwa nini jambo hili linatuhusu?

Tarehe 22 Mei 2021 volkano ya Nyiragongo ililipuka karibu na mji wa Goma. Watu walikimbia usiku, wengine upande wa Sake, wengine wakavuka mpaka kwenda Rwanda. Kesho yake UNICEF ilitangaza kwamba watoto zaidi ya 150 walikuwa wametengana na familia zao. Tarehe 27 Mei serikali ya mkoa iliamuru sehemu kubwa ya mji ihamishwe, na watu wengi wakaondoka tena. Mwanzoni mwa mwaka 2025, wakati wa vita, familia nyingi zilizokuwa katika kambi za kandokando ya Goma zilitawanyika kwa mara nyingine.

Wakati kama huo tangazo lililobandikwa kambini halina msaada tena, maana waliopaswa kulisoma hawapo. Kila mtu anashika simu na kuuliza: njia gani inapitika? Maji yako wapi? Ndugu zangu wamefika wapi? Na wakati huo huo watu wengi wanatumia mnara mmoja wa simu, kwa hiyo mtandao unakuwa mwembamba. Habari ya kweli ikichelewa, uvumi unachukua nafasi yake. Uvumi unapita kwa mdomo, hauhitaji mega. Wengi wetu tumeona jinsi uvumi wa siku moja unavyoweza kuvunja amani kati ya vijiji viwili. Kwa hiyo picha ya kweli inayofika haraka ni sehemu ya kazi yetu ya amani.

Picha ina nini ndani yake?

Ndani ya simu, picha ni nukta ndogo sana zilizopangwa kwa mistari. Kila nukta inaitwa piseli, na ina rangi yake. Simu nyingi za leo zinapiga picha yenye piseli 4,000 kwa upana na 3,000 kwa urefu, yaani nukta milioni 12. Kila nukta ikiandikwa yote bila kubanwa, inahitaji baiti 3. Hesabu inatoa baiti milioni 36, yaani megabaiti 36 kwa picha moja.

Simu yenyewe inapunguza mzigo huo kabla ya kuhifadhi picha. Inatumia njia inayoitwa JPEG, ambayo ilitolewa mwaka 1992. Mashini inagawa picha katika miraba midogo ya nukta 8 kwa 8, halafu inatupa vitu vidogo ambavyo jicho la mtu halivioni vizuri. Jicho letu linatambua mwanga na giza kuliko tofauti ndogo za rangi, kwa hiyo rangi ndizo zinazopunguzwa zaidi. Baada ya kazi hiyo, picha ya megabaiti 36 inabaki na megabaiti 3 hadi 5.

Ni kama muhogo. Ukiukausha, maji yanatoka, mzigo unakuwa mwepesi, na ugali unabaki. Lakini maji yakishatoka hayarudi. Vilevile, kilichotupwa katika picha hakirudi. Ndiyo sababu ni lazima kubana kwa kiasi, na kuweka picha ya kwanza mahali salama.

Tufanye hesabu

Megabaiti 4 zinaonekana kidogo. Lakini tuchukue mtandao dhaifu unaopitisha kilobiti 100 kwa sekunde. Picha moja ya megabaiti 4 itachukua sekunde 320, yaani dakika 5 na sekunde 20. Picha ile ile ikipunguzwa mpaka kilobaiti 150 itachukua sekunde 12.

Sasa tuchukue ukurasa wenye picha 10. Zikiwa nzito, msomaji atalipa megabaiti 40 ili kuuona mara moja. Mama aliyenunua mega 100 atakuwa amekula karibu nusu yake kwa ukurasa mmoja. Zikiwa nyepesi, ukurasa wote ni megabaiti 1 na nusu, na kwa mega zile zile 100 anaweza kuufungua zaidi ya mara 60. Aliyeweka picha nzito amemtoza mama huyo pesa bila kumwomba.

Hatua nne za kupunguza uzito

1. Kata kandokando. Kama unaonyesha daraja, mbingu na majani ya pembeni si lazima. Ukiondoa nusu ya picha, nusu ya mzigo imekwenda, na msomaji anaona haraka unachotaka kumwonyesha.

2. Punguza vipimo. Hapa ndipo faida kubwa ilipo. Simu nyingi za bei nafuu zina kioo chenye piseli 720 tu kwa upana. Picha ya piseli 4,000 haiwezi kuonekana yote juu ya kioo hicho. Upana wa piseli 1,200 unatosha kwa picha ya ukurasa wa intaneti; 800 inatosha kwa picha ndogo. Kutoka 4,000 kwa 3,000 kwenda 1,200 kwa 900, nukta zinapungua mara 11.

Kuna jambo linalowadanganya wengi. Mtu anaweka picha kubwa kwenye ukurasa, halafu anavuta pembe yake mpaka ionekane ndogo. Hapo amepunguza sura tu, uzito uko pale pale. Simu ya msomaji inapakua picha nzima, kisha inaionyesha ndogo. Vipimo vipunguzwe kabla ya kuiweka.

3. Chagua ubora wa kiasi. Programu nyingi zinauliza ubora kutoka 0 hadi 100. Kwa JPEG, 70 hadi 80 inafaa kwa picha nyingi. Chini ya 50 utaanza kuona miraba kwenye nyuso na ukungu kwenye maandishi. Tazama picha baada ya kuibana. Kama ni picha ya kitenge au kovu ambalo ndugu wanaweza kulitambua, ongeza ubora.

4. Chagua aina inayofaa. Kwa nyuso, barabara na nyumba, tumia JPEG. Kwa ramani iliyochorwa, alama au mchoro wenye rangi chache, PNG inafaa zaidi, maana inabana bila kutupa kitu. Lakini picha ya kamera ikiwekwa katika PNG inakuwa nzito sana. Kuna pia WebP, ambayo Google iliitangaza mwaka 2010. Mara nyingi ni nyepesi kuliko JPEG, lakini simu za zamani sana haziifungui. Ukiwa na mashaka, baki na JPEG.

Kwa kazi hii, programu ya GIMP ni ya bure na inafanya kazi kwenye kompyuta hata pasipo intaneti. Squoosh, ambayo pia ni ya bure, inafunguka kama ukurasa wa intaneti na inaonyesha picha ya kabla na ya baada kwa pamoja. Picha inabanwa ndani ya mashini yako bila kutumwa kwingine. Asiye na kompyuta anaweza kumtumia mwenzake picha kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida ya picha, maana WhatsApp inaibana. Ukiituma kama hati, inakwenda na uzito wake wote.

Usibane picha ile ile mara nyingi. Kila ukiihifadhi upya katika JPEG, kitu kidogo kinapotea. Picha iliyopita mikononi mwa watu kumi huanza kuharibika. Rudi daima kwenye picha ya kwanza.

Je, ni lazima iwe picha?

Viongozi wengi wanapiga picha ya barua na kuiweka kwenye ukurasa. Tangazo lenye herufi 1,000, likiandikwa kama maandishi, lina uzito wa kilobaiti 1 hivi. Picha yake kutoka kwenye simu inaweza kufika megabaiti 3, yaani mara 3,000 zaidi. Andikeni tarehe, saa na mahali kwa maandishi ya kawaida. Mtu anayetafuta jina la kijiji chake ataliona, na anayetaka kumpelekea mwingine habari hiyo atainakili. Kama muhuri ni lazima uonekane, wekeni picha nyepesi chini ya maandishi.

Wepesi hauondoi hatari

Picha nyingi za simu zinabeba habari zisizoonekana: tarehe, saa, aina ya simu, na mara nyingine mahali hasa ilipopigwa. Mtu mwenye nia mbaya anaweza kusoma mahali hapo na kujua familia fulani imejificha wapi. Kubana picha hakufuti habari hizo kila mara. Zima alama ya mahali katika kamera ya simu kabla ya kupiga. Katika GIMP, wakati wa kuhifadhi JPEG, ondoa alama kwenye sehemu inayosema Exif.

Tena, picha kuwa ndogo si kuficha uso. Mtu anayemjua mwenye picha atamtambua hata kwa piseli 200. Omba ruhusa, na eleza wazi kwamba picha itaonekana na watu wa mbali.

Kwa watoto, tahadhari iwe kubwa zaidi. Picha ya mtoto aliyepatikana peke yake isiwekwe wazi kwenye ukurasa, hata kwa nia njema, maana mtu asiye mzazi anaweza kuja kumdai. Mpelekeni jina na habari zake kwa Msalaba Mwekundu au kwa huduma ya ulinzi wa watoto iliyo karibu. Msalaba Mwekundu una ukurasa unaoitwa Trace the Face, ulioanzishwa mwaka 2013. Humo wanaweka picha ya yule anayetafuta ndugu, si ya anayetafutwa. Ni mfano mzuri: aliyekubali kuonekana ndiye anayeonekana.

Mambo ya kukumbuka

– Weka picha ya kwanza mahali salama, fanya kazi kwenye nakala.
– Kata, punguza upana mpaka piseli 1,200 au chini, ubora 70 hadi 80.
– Picha moja isizidi kilobaiti 200, na ukurasa mmoja usizidi megabaiti 2.
– Tangazo liandikwe kwa maandishi.
– Ondoa alama ya mahali, omba ruhusa, linda watoto.
– Kabla ya kutangaza, fungua ukurasa kwenye simu ya bei nafuu, mahali ambapo mtandao ni dhaifu. Ukingoja zaidi ya nusu dakika, rudi upunguze tena.

Tunawaomba viongozi wa kamati wachague vijana wawili, msichana na mvulana, wajifunze kazi hii na kuwafundisha wengine. Haidai shule kubwa. Inadai uangalifu kidogo kwa ajili ya yule ndugu aliye mbali, mwenye mega chache, anayengoja kujua kama njia ya kurudi nyumbani imefunguka.