Vani yako ya umeme ina mlio usioujua? Jiulize "lini" kabla hujaita fundi

Saa 12 na nusu asubuhi. Mzigo umeshapakia, chaji imejaa, mteja wa kwanza yuko Mbezi na ameshapiga simu mara mbili. Unatoka getini, hujafika hata barabara kuu, unasikia mvumo: "wuuuu". Jana haukuwepo. Unazima redio. Bado upo.

Kwa dereva anayelipwa kwa safari, hapo hesabu ni mbili. Ukisimama, siku imekufa. Ukiendelea na kumbe ni ishu kubwa, gari linaweza kulala gereji wiki nzima. Na ukiangukia kwa fundi asiyeyajua magari ya umeme, anaweza kukwambia "mota imekufa" wakati tatizo ni beringi ya gurudumu.

Kiukweli, kelele nyingi unaweza kuzichambua mwenyewe bila kufungua hata nati moja. Usianze na swali "ni mlio gani?". Anza na "unatokea lini?".

Kwa nini unasikia kila kitu

Kwenye vani ya dizeli, injini inafunika kelele nyingine zote. Ukiitoa injini, vitu vilivyokuwepo siku zote vinaanza kusikika: matairi, upepo, rafu za mizigo, mlango wa kuslaidi.

Pia kuna milio ambayo gari la umeme limezaliwa nayo. Chukua mfano wa Nissan e-NV200, vani iliyotoka mwaka 2014. Mota yake inaweza kuzunguka zaidi ya mara 10,000 kwa dakika, kisha gia zinapunguza mzunguko huo kabla haujafika kwenye magurudumu. Gia zikizunguka kasi hivyo lazima zitoe mlio mwembamba. Siyo ubovu.

Gari limesimama

Ukiwasha na kusikia "tak", mara nyingi hizo ni swichi kubwa za umeme zinazounganisha betri na mota. Ni kawaida.

Ukichomeka chaji, hasa ile ya haraka, halafu feni ikaanza kuvuma au kompresa ya AC ikajiwasha yenyewe, usishtuke. Gari linapoza betri au vifaa vya kuchajia. Kwenye jua la Dar itavuma zaidi ya ilivyovuma Juni.

Ukitembea taratibu ukasikia mlio kama wa king'ora cha chini chini, huenda ni sauti ya makusudi ya kuwatahadharisha watembea kwa miguu. Ulaya iliifanya lazima kwa modeli mpya kuanzia Julai 2019, na kwa magari yote mapya kuanzia Julai 2021. Kwa sheria hiyo gari lazima litoe sauti hadi spidi ya kilomita 20 kwa saa, na likirudi nyuma pia. Kama mlio unapotea ukiongeza spidi na kurudi ukipunguza, ndiyo huo.

Unaongezeka na spidi

Hapa watu wengi wanachanganya vitu vitatu: tairi, beringi na gia. Vitenganishe hivi.

Tairi: mvumo unabadilika lami ikibadilika. Ukitoka kwenye lami mbovu ukaingia kwenye laini na kelele ikashuka, angalia matairi kwanza. Betri inaongeza uzito, kwa hiyo upepo ukiwa mdogo tairi linaliwa vibaya na kuanza kuunguruma.

Beringi: mvumo haujali lami, unajali kona. Ukiwa barabara pana isiyo na magari, yumba kidogo kushoto. Uzito unahamia magurudumu ya kulia. Mvumo ukizidi, ishuku beringi ya kulia. Ukiyumba kulia ukazidi, shuku ya kushoto.

Gia: mlio unabadilika palepale unapokanyaga na unapoachia pedeli, hata kama spidi ni ileile. Ukiwa mwembamba na ulikuwepo tangu mwanzo, endelea na kazi. Ukiwa umekua, au umegeuka mngurumo, au kuna oili inavuja chini, mpeleke fundi akaangalie oili ya gia na beringi za mota mapema.

Unakata kona

"Ta-ta-ta-ta" ukikata usukani hadi mwisho huku unaondoka, kwa mfano ukigeuza gari sokoni, mara nyingi ni kiungo cha shafti ya gurudumu la mbele. Angalia mpira unaokifunika. Ukiwa umepasuka na grisi imerukia ndani ya rimu, umeshapata jibu. Mota ya umeme inatoa nguvu yote mara moja tangu gari limesimama, kwa hiyo dereva anayepiga pedeli ghafla anachosha shafti haraka.

Unashika breki

Ukiachia pedeli, vani ya umeme inapunguza mwendo kwa kuigeuza mota kuwa jenereta, na umeme unarudi kwenye betri. Breki zenyewe zinafanya kazi kidogo. Uzuri wake ni kwamba pedi zinadumu. Ubaya ni kwamba diski zinapata kutu, hasa miji ya pwani kama Dar, Tanga na Mombasa.

Kwa hiyo mkwaruzo wa asubuhi baada ya mvua si wa kukutoa jasho. Shika breki kwa nguvu mara tatu nne sehemu salama. Ukiisha, ilikuwa kutu. Ukibaki siku nzima, pedi au pini zake zinaweza kuwa zimeganda. Ukisikia chuma kinakereza chuma, au gari linavutia upande mmoja, paki. Hapo hakuna "nimalizie oda hii moja".

Kuna kitu kingine madereva wengi hawakijui. Betri ikiwa imejaa kabisa haina pa kuweka umeme unaorudi, kwa hiyo breki za kawaida zinabeba kazi kubwa zaidi. Kelele ya breki inayosikika kilomita za mwanzo tu baada ya kuchaji usiku, kisha inapotea, inaweza kuwa na maelezo rahisi kama hayo. Bado mwambie fundi akague.

Kwenye matuta

"Gong" moja kila tuta ni shokapu, bushi au jointi, kama kwenye gari lolote lile. Lakini kabla hujanunua kitu, shusha mzigo wote na upite tuta lilelile. Kelele ikipotea, ilikuwa kreti, toroli au rafu iliyolegea. Kipimo hiki hakigharimu hata shilingi.

Mgongo ukikwaruza kwenye tuta au jiwe, shuka uangalie. Betri ya vani nyingi iko chini ya sakafu. Ukiona kifuniko chake kimebonyea au kupasuka, usichaji hadi kikaguliwe.

Hizi usisubiri

Mlio wa "tss" au kupasuka-pasuka kwenye soketi ya chaji, pamoja na joto kali au harufu ya kuungua: simamisha chaji, usiitumie tena. Plagi ikiwa inaungua, usiishike. Zima umeme kwenye swichi kuu.

Kuzomea, kupasuka au moshi kutoka chini ya gari, hasa baada ya ajali: shuka, kaa mbali, zuia watu wasisogee, piga simu zimamoto. Tanzania ni 114, Kenya ni 999. Usirudi kuokoa vifurushi. Betri iliyoumia inaweza kuwaka tena hata moto ukionekana umezimika.

Na popote utakapoona nyaya za rangi ya chungwa, usiguse na usimruhusu fundi wa kubahatisha aziguse. Kwenye e-NV200, kwa mfano, betri ina takriban volti 360, zaidi ya soketi ya nyumbani. Kuzima gari tu hakutoshi, maana umeme unaweza kubaki ndani ya vifaa kwa dakika kadhaa. Beringi, breki na shokapu fundi wako wa mtaani anaweza kuzimudu, ila mwambie asiweke jeki chini ya betri. Kazi ya rangi ya chungwa ni ya aliyesomea.

Umwambie nini fundi

"Gari linalia" haimsaidii. Mwambie hivi: mvumo unaanza spidi 40, unazidi nikiyumba kushoto, haubadiliki nikiachia pedeli. Sentensi hiyo moja imeshaondoa tairi na gia kwenye orodha, na itakuwa vigumu kukuuzia mota.

Msaidie na simu yako. Mwenzako akae abiria arekodi, wewe endesha. Ataje spidi kwa sauti wakati anarekodi.

Halafu usisubiri kelele ije ndiyo urekodi. Leo, gari likiwa freshi, rekodi dakika mbili: kuwasha, kuondoka, spidi 50, breki. Ihifadhi. Siku ukihisi kuna mlio mpya, utakuwa na kitu cha kulinganisha, na hutabaki kubishana na bosi wako kama ulikuwepo tangu zamani au umeanza jana.