Pua ya Gari na Vijiko Vitatu vya Maji

Probox, IST na Premio nyingi zinazopishana katika barabara zetu zinasukumwa na injini ileile, Toyota 1NZ-FE ya cc 1,497. Ina silinda nne, hivyo kila moja huvuta kama cc 374 za hewa. Pistoni ikipanda, hewa hiyo hubanwa mpaka ienee kwenye nafasi ndogo inayobaki juu yake, cc 39 hivi. Sasa pima vijiko vikubwa vitatu vya maji: unapata cc 45. Vikiingia vyote ndani ya silinda moja ya Probox, nafasi imejaa, na pistoni bado haijamaliza safari yake.

Hewa hukubali kubanwa. Maji hayakubali. Kuyapunguza ujazo kwa asilimia 1 tu kunadai mgandamizo unaozidi mara 200 ule wa hewa inayotuzunguka, ilhali mlipuko wa petroli katika injini ya kawaida isiyo na tabo haufikii hata nusu ya hapo. Konrodi, ule mkono wa chuma unaounganisha pistoni na kranki, iliundwa kuhimili mlipuko, haikuundwa kugonga kitu kisichosogea. Na inagonga kwa kasi: injini ikizunguka mara 2,000 kwa dakika, pistoni hutoka chini hadi juu ndani ya milisekunde 15. Silinda moja imeziba, lakini zile tatu zinaendelea kusukuma, flaiwili inaendelea kuzunguka, na gari likiwa kwenye gia basi tani nzima ya chuma na abiria inasukuma pia. Lazima kitu kisalimu amri. Mara nyingi ni konrodi: inapinda, au inakatika na kutoboa bloku, oili yote ikabaki barabarani. Mafundi husema injini imekunywa maji.

Mtu asidhani kwamba ukubwa wa injini ni kinga. Land Cruiser yenye injini ya dizeli ya 1HZ ina silinda sita na cc 4,164, karibu mara tatu ya Probox. Lakini dizeli hujiwasha kwa kubanwa sana, na 1HZ hubana hewa zaidi ya mara 20. Fanya hesabu: nafasi inayobaki juu ya pistoni haifiki cc 40. Vijiko ni vilevile vitatu.

Kwa sababu hiyo, gari linapotoka kiwandani, jambo moja hushughulikiwa kwa uangalifu ambao mwenye gari hauoni: pua yake iko wapi. Fungua boneti ya gari ambalo halijaguswa. Utakuta mdomo wa kuvutia hewa umefichwa juu, nyuma ya taa kubwa au juu ya rejeta. Kutoka hapo hewa hupita kwenye mfereji wa plastiki uliopinda, huingia kwenye kasha la chujio, ndipo iende kwenye injini. Chini ya kasha huwa kuna kitundu cha kutolea matone ya mvua. Pembeni kunaweza kuwa na chumba kitupu cha plastiki ambacho vijana wengi wa gereji hukitupa wakiamini hakina kazi. Kazi yake ni kuzima mngurumo wa hewa. Mpango mzima hauna mvuto wowote wa macho. Lakini maji ya kuipata pua ile inabidi yafike usawa wa taa.

Halafu mwenye gari anataka nguvu.

Wazo lake si la kijinga. Hewa baridi ni nzito kuliko hewa ya moto, hivyo silinda hiyohiyo hupata oksijeni zaidi. Hewa ya nyuzi 30 za Selsiasi ina uzito wa karibu asilimia 10 zaidi ya hewa ya nyuzi 60 iliyopikwa chini ya boneti. Basi mtu anang'oa kasha lote la kiwandani na kuweka bomba la alumini linalong'aa, mwishoni akapachika chujio la pamba lenye umbo la pia. Kuna namna mbili za kulifunga. Bomba fupi huliacha chujio mlemle ndani, karibu na injini, likivuta joto. Hilo kwa hewa baridi halina maana, ila lipo juu. Bomba refu ndilo lenye hewa baridi kweli: linashuka, linapenya kwenye bati la pembeni, na kulining'iniza chujio nyuma ya bampa la mbele, jirani na tairi. Hapo linaweza kuwa sentimita 20 au 30 tu kutoka ardhini.

Mtindo huu wa bomba refu ulipata umaarufu California miaka ya 1990, hasa kwenye Honda Civic na Acura Integra. Kusini mwa California kiangazi huweza kupita miezi bila tone la mvua. Mtindo ukasafiri na sifa zake zote, lakini hali ya hewa yake haikusafiri nao mpaka Jangwani, Dar es Salaam, mwezi wa Aprili, pale bonde la Msimbazi linapofurika na Barabara ya Morogoro kufungwa.

Kinachosikitisha ni udogo wa faida. Kasha la kiwandani kwa kawaida tayari linavuta hewa ya nje, hivyo katika injini ndogo isiyo na tabo anayebadilisha hupata nguvu za farasi chache ambazo mguu wake hautazitambua. Anachotambua ni sauti: ule mvumo mzito ukikanyaga mafuta, ambao kile chumba cha plastiki kilikuwa kimeuzima. Nadhani wengi wananunua sauti na kulipia nguvu. Sina ugomvi na hilo, mradi mnunuzi ajue kwamba kwenye mfuko huohuo amepewa na pua iliyoshushwa hadi usawa wa dimbwi.

Je, kila dimbwi ni hatari? Hapana, na hapa wenye hofu huzidisha chumvi. Tone linalorushwa na tairi, mvua ya kawaida, hata pamba kulowana kidogo, injini huvumilia. Maji yaliyotawanyika kama ukungu huwa mvuke ndani ya silinda na kutoka na moshi. Kuna injini zinazonyunyiziwa maji kwa makusudi ili kupoza mchanganyiko. Ndege za kivita za Marekani aina ya P-47 zilifanya hivyo katika Vita Kuu ya Pili, na BMW iliirudisha mbinu hiyo mwaka 2015 katika M4 GTS. Shida ni maji yaliyoungana.

Shida hiyo huanza pale chujio linapozama lote. Injini ya cc 1,500 kwa mizunguko 2,000, mafuta yakiwa yamekanyagwa hadi mwisho, inataka kama lita 25 za hewa kila sekunde. Ikikosa hewa haisimami hapohapo kuuliza, inaendelea kuvuta. Kuyainua maji mita nzima kwenda juu kunahitaji mvuto wa moja ya kumi tu ya mgandamizo wa hewa, na injini ina uwezo mara kadhaa ya huo. Bomba lile la alumini linakuwa mrija, na barabara iliyofurika ndilo dafu.

Watengenezaji wanalijua tatizo na wanauza dawa zake. Ipo soksi ya kitambaa kisichonyonya maji inayovishwa juu ya chujio: husaidia dhidi ya matone, haisaidii chochote dhidi ya kuzama. Ipo pia valvu ya dharura inayokatizwa katikati ya bomba, sehemu ya juu, ili chujio likizibwa na maji mvuto uifungue na injini ipumulie hapo. Hii ina akili zaidi, lakini iwe imefungwa juu kuliko maji, na haifai kwenye mifumo ya tabo.

Tabo inanikumbusha Subaru. Tundu lile kubwa juu ya boneti ya Impreza WRX au Forester ya tabo, ambalo wengi huapa kwamba ndilo pua ya injini, si pua. Hupeleka upepo kwenye kipozea hewa kilicholala juu ya injini, ili kupoza hewa ambayo tabo imeshaibana na kuipasha moto. Pua yenyewe iko kwingine, imejificha kama ya Toyota. Maji yakiingia kwenye tundu la boneti yanalowesha tu chuma.

Na sasa tazama picha za magari ya kiwanda yaliyoandaliwa kwa Safari Rally miaka ile ya 1990, ikiwamo Impreza ambayo Colin McRae alishinda nayo Kenya mwaka 1997. Pembeni mwa kioo cha mbele limepanda bomba mpaka karibu na paa. Ni snokeli. Timu zilezile ambazo Ulaya zilishindana kwa magari yaliyoshushwa chini, zilipofika kwenye mito na tope la Kenya ziliinyanyua pua ya gari juu kabisa, zikakubali upepo, uzito na sura mbaya. Kijana wa Nairobi anayebandika rangi ya buluu na nyota za dhahabu kwenye Impreza yake, kisha akalishusha chujio nyuma ya bampa, anamwiga McRae kwa rangi na kumpinga kwa jambo ambalo McRae alihitaji zaidi.

Snokeli nayo ina masharti. Kwenye Land Cruiser nyingi za mbugani kazi yake ya kila siku ni kulikwepa vumbi linalotimka usawa wa magurudumu. Ili ifanye kazi majini, kila kiungo hadi kwenye kasha la chujio lazima kizibwe, pamoja na kile kitundu cha kutolea matone. Kitundu kikiachwa wazi, maji yataingilia mlango wa nyuma huku mwenye gari akijivunia bomba la juu.

Kina cha maji nacho hudanganya. Land Rover huitaja Defender mpya kuwa inaweza kuvuka sentimita 90, na Ford huipa Ranger sentimita 80, lakini hizo ni za gari lililo kama lilivyotoka kiwandani, likienda polepole. Ukienda taratibu bila kusita, gari husukuma wimbi mbele na kuacha maji yaliyoshuka kidogo kwenye eneo la injini. Ukienda kasi, wimbi hilo hupanda juu ya bampa. Na hata ukienda vizuri, lori linalokuja upande wa pili lina wimbi lake. Maji yaliyokuwa magotini yanafika kwenye taa kwa sekunde mbili, na sekunde mbili zinatosha.

Injini ikizima majini, kosa kubwa linafanywa baada ya hapo. Dereva anazungusha ufunguo. Kama ilizima ikiwa kwenye sailensa, huenda hakuna kilichovunjika bado, lakini stata ina nguvu za kutosha kupindisha konrodi ambayo maji yaliisamehe. Kibaya zaidi ni desturi yetu ya kusukuma. Vijana wanakuja, bei inapatanwa, gari la gia za mkono linawekwa gia ya pili, linasukumwa, klachi inaachiwa. Hapo anayeipindua injini si stata tena, ni uzito wote wa gari. Wasukume, ndiyo, lakini gari liwe nyutro, mpaka pakavu.

Pakavu ndipo pa kufungua kasha la chujio. Ndani kukiwa kumelowa, waya wa betri utolewe na fundi aitwe. Atafungua plagi zote, au nozeli kama ni dizeli, aizungushe kranki kwa spana, kwa mkono, pole pole, maji yatoke kwenye matundu. Oili iliyobadilika rangi ikawa ya maziwa imwagwe. Si ujuzi mpya huu: wahudumu wa ndege kama DC-3, ambazo East African Airways iliwahi kuzirusha, walikuwa wakizungusha pangaboi kwa mkono kabla ya kuwasha, kwa sababu injini zake zenye silinda zilizopangwa duara hukusanya oili katika zile za chini, na oili nayo haibaniki.

Bima ya mtu wa tatu haitagusa injini yako. Bima kubwa inategemea maandishi ya mkataba, na gari lililobadilishwa bila kampuni kuarifiwa humpa mkaguzi sababu nzuri ya kufunga faili.

Konrodi iliyokatika angalau inasema ukweli siku hiyohiyo. Ya kuogopwa ni iliyopinda kidogo tu. Gari linawaka, linatembea, linauzwa. Kwa kuwa konrodi imefupika, pistoni haifiki tena ilipokuwa ikifika. Silinda hiyo inabana kidogo kuliko wenzake, mzigo unauegemea ukuta upande mmoja, oili inaanza kuliwa, na wiki au miezi baadaye injini inanoki kwenye barabara kavu, juani, bila mtu kukumbuka mvua. Alama yake inabaki ndani: masizi juu ya ukuta wa silinda yana mkanda mpana kuliko kawaida, kwa sababu pistoni imeishia mahali pawili, kabla na baada.

Kwa hiyo unaponunua gari la mtumba lenye bomba linalong'aa chini ya boneti, omba fundi afungue plagi, aingize kijiti kirefu kilichonyooka kwenye kila tundu, na kuizungusha kranki kwa mkono mpaka pistoni ifike juu kabisa. Aweke alama kwenye kijiti, silinda ya kwanza hadi ya nne. Alama tatu zikilingana na ya nne ikapishana nazo kwa milimita moja, bei ijadiliwe upya, au mazungumzo yaishie hapo.