Kushona Kope, Kuokoa Jicho

Ndugu wa mgonjwa wakisikia daktari wa macho akitaja kushona kope, wengi hukataa hata kabla hajamaliza maelezo. Hudhani jicho limeshindikana na sasa linazikwa. Kumbe ni kinyume chake. Jicho lililokwisha kuharibika kabisa hakuna anayehangaika kulishona kope. Linaloshonwa ni lile ambalo bado lina cha kuokolewa, na hicho ni konea, kioo cha mbele kinachopitisha mwanga kuingia ndani.

Konea ina unene wa nusu milimita hivi katikati, wala haina mishipa ya damu. Oksijeni yake huipata hewani kupitia machozi, na mtu akilala huipata kwenye mishipa ya damu iliyo upande wa ndani wa kope. Mtu mzima hupepesa mara 15 hivi kwa dakika, na kila mara kope ya juu hushuka ikiyasambaza machozi upya. Mpepeso ukikoma, konea hukauka, seli zake za juu huchubuka na bakteria hupata mlango. Kidonda kikipona huacha kovu jeupe. Kisipopona, konea hutoboka.

Kufumba jicho ni kazi ya mshipa wa saba wa fahamu, ule unaoendesha misuli ya uso. Kulifumbua ni kazi ya mshipa wa tatu. Ndiyo maana aliyepooza upande mmoja wa uso hushindwa kufumba lakini hashindwi kufumbua, jicho likabaki kodo usiku kucha. Mtaani husemwa kapitiwa na upepo mbaya au kachezewa, na wiki za kwanza huishia kwa mganga. Uso wenyewe mara nyingi hurudi sawa baada ya wiki au miezi kadhaa, na mganga hupata sifa za bure. Jicho halina subira hiyo.

Charles Bell, daktari Mskoti wa karne ya 19, alieleza jambo ambalo kila mtu anaweza kulichunguza: macho yakifumbwa, mboni hujigeuza kuelekea juu. Aliyepooza uso akijaribu kufumba, huonekana weupe mtupu. Sura hiyo huwatisha watoto, lakini kwa daktari ni habari njema, kwa sababu konea imejificha chini ya kope ya juu. Wa kuhofiwa ni yule ambaye jicho lake halipandi.

Na yupo wa kuhofiwa zaidi: asiyehisi maumivu. Konea ni miongoni mwa sehemu za mwili zilizosongamana mishipa ya fahamu kuliko zote, ndiyo sababu chembe ya mchanga humliza mtu mzima. Mishipa hiyo ni matawi ya mshipa wa tano, na kazi yake haiishii kwenye kuhisi. Hutoa kemikali zinazozilisha seli za juu za konea ili ziendelee kugawanyika na kuziba michubuko. Mshipa ukifa, konea hupoteza vitu viwili kwa mpigo, taarifa ya hatari na lishe. Hutokea kidonda cha mviringo, kingo zake zimejikunja, nacho hakiumi wala hakiponi. Mgonjwa hulalamika tu kwamba haoni vizuri, na kwa kuwa hana maumivu, safari ya kliniki huiahirisha.

Afrika Mashariki ina chanzo kimoja cha balaa hilo kinachojulikana kwa kila mtu, ila wachache hukihusisha na macho: mkanda wa jeshi. Virusi vya tetekuwanga, vilivyolala mwilini tangu utotoni, vikiamkia kwenye tawi la juu la mshipa wa tano, malengelenge hutoka upande mmoja wa paji la uso. Yakifika hadi ncha ya pua, daktari mzoefu hushtuka, maana tawi dogo linalohudumia pua ndilo linalohudumia jicho pia. (Mgonjwa akiwa kijana, hushauriwa pia kupima VVU.) Malengelenge hukauka, watu humshukuru Mungu, na miezi kadhaa baadaye konea iliyokufa ganzi huanza kulika.

Hapo ndipo uzi unapoingia. Jicho likifungwa halikauki, kope haziendi juu na chini kuzikwangua seli changa, na konea hukaa imegusana na utando wenye damu wa kope. Seli za pembeni hutambaa kukifunika kidonda. Kidonda kilichogomea matone kwa miezi kinaweza kuziba ndani ya wiki chache.

Kazi yenyewe ni fupi, kwa sindano ya ganzi, bila kumlaza mgonjwa usingizi. Kwa mshono wa muda, uzi hupitishwa kwenye ngozi ya kope moja ukatokea ukingoni, nyuma kidogo ya nywele za kope, kisha ukaingia kwenye ukingo wa kope ya pili. Haupaswi kutokeza upande wa ndani, la sivyo utaikwaruza konea ileile inayolindwa. Uzi ukikazwa peke yake hukata ngozi, kwa hiyo huegemezwa juu ya vipande vya mpira, na kipande cha mpira wa dripu kilichopasuliwa kinatosha kabisa. Wapo wanaofunga kwa namna inayolegezeka: daktari hulegeza, hutazama kidonda, kisha hukaza tena bila kuchoma sindano nyingine.

Mshono wa kudumu ni habari nyingine. Ukanda mwembamba wa ukingo huchunwa kwenye kope zote mbili, nyama mbichi ikakutana na nyama mbichi, na baada ya uzi kutolewa kope hubaki zimeshikana zenyewe. Mara nyingi hushonwa theluthi tu ya upande wa sikio, na mgonjwa huendelea kuona kupitia nafasi iliyobaki. Hata huo wa kudumu hufunguliwa kwa mkasi mshipa ukifufuka. Ila mgonjwa aambiwe ukweli: ukingo huweza kubaki na kasoro, nywele chache zikageukia ndani, na sura haiwi ileile.

Wanaoufahamu mshono huu vizuri ni wahudumu wa ukoma, ugonjwa ambao wengi hudhani ulikwisha, ingawa Tanzania, Msumbiji, Komoro na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo bado zimo katika orodha ya nchi zinazopewa kipaumbele na Shirika la Afya Duniani. Vijidudu vyake vinaweza kuua mshipa wa saba na wa tano kwa pamoja, likapatikana jicho lisilofumba wala kuhisi. Kwa wagonjwa hao madaktari wa upasuaji walikuwa pia na njia ya ajabu, iliyotumika sana India, ikiwemo Vellore alikofanya kazi daktari wa upasuaji Paul Brand: kipande cha msuli wa panja, ule wa kutafunia, huunganishwa na kope. Mgonjwa akiuma meno, jicho hufumba. Mezani hupepesa kwa kila tonge, lakini asipokuwa anakula lazima akumbuke kuuma meno mchana kutwa. Asiyeweza zoezi hilo, uzi humfaa zaidi.

Kwa konea iliyokufa ganzi dawa mpya ipo: mwaka 2017 Ulaya iliidhinisha matone yenye protini ya kukuza mishipa ya fahamu, na Marekani ikafuata 2018. Sayansi yake ni nzuri. Protini hiyo ndiyo iliyompatia mwanasayansi Rita Levi-Montalcini tuzo ya Nobel ya 1986. Lakini kozi ya wiki nane huko Marekani hugharimu makumi ya maelfu ya dola. Uzi na mpira wa dripu vimo katika hospitali ya wilaya, na bado mgonjwa huandikiwa matone ya kawaida yaleyale mwezi hadi mwezi, au hufunikwa jicho kwa pamba na bandeji, pamba ikasugua konea iliyo wazi chini yake. Huo ni uzembe, wala hauwezi kusingiziwa umaskini. Wodi za wagonjwa mahututi nazo zina lawama yao: aliyelazwa kwa dawa za usingizi hukaa kope nusu wazi siku nyingi huku kila mtu akiitazama mashine ya kupumulia.

Mshono huohuo hutumika kwa waliotokwa macho kwa ugonjwa wa tezi ya shingo, walioungua uso, waliopandikizwa konea, waliotolewa uvimbe karibu na sikio, hata kwa mbwa wa pua bapa ambao macho yao huchomoka. Njia nyingine zipo: kipande cha dhahabu ndani ya kope, au sindano ya botulinum inayoiangusha kope kwa wiki kadhaa.

Mwenye ndugu aliyepooza uso amtazame akiwa usingizini. Akiona jicho halijafumba, ampake marhamu ya macho, azifunge kope vizuri kwa plasta, na asubuhi ampeleke kliniki ya macho. Daktari akitaja uzi, kabla ya kukataa amuulize utatolewa lini.