Tangawizi Hutuliza Kichefuchefu, Haitibu Kifua Kikuu

Inapofika miezi ya Juni na Julai, baridi ya Nyanda za Juu Kusini huifanya chai ya tangawizi kuwa kinywaji cha kila siku katika kaya nyingi za mikoa ya Mbeya na Iringa. Kinywaji hicho kina manufaa kiafya, ingawa si yote yanayotajwa vijiweni.

Faida yenye ushahidi mkubwa zaidi ni kupunguza kichefuchefu. Shirika la Afya Duniani (WHO) liliijumuisha tangawizi katika juzuu yake ya mimea dawa ya mwaka 1999, likitaja kichefuchefu cha safari, cha ujauzito na kinachofuata upasuaji. Tafiti nyingi kuhusu wajawazito zilitumia takriban gramu 1 ya unga wake kwa siku, kiasi kisichozidi sana nusu kijiko cha chai. Hata hivyo, mjamzito anashauriwa kumweleza mhudumu wa kliniki kabla ya kuitumia kama dawa. Wanaotumia dawa za kuzuia damu kuganda, kama vile warfarini, pamoja na wanaosubiri upasuaji, nao wazungumze na daktari kwanza, kwa kuwa tangawizi nyingi inaweza kuongeza uwezekano wa kutokwa damu.

Ukali wake hutokana na kemikali iitwayo jinjeroli. Tangawizi ikikaushwa, sehemu ya kemikali hiyo hugeuka kuwa shogaoli, ambayo ni kali zaidi.

Kwa mwenye mafua, joto la chai hiyo hulainisha koo na kuleta ahueni. Hatari huanzia hapo, kwani ahueni ya koo inaweza kumfanya mtu aamini kuwa anapona, ilhali kikohozi chake ni cha kifua kikuu, ugonjwa ambao tangawizi haiutibu.

Kwa mikoa hii jambo hilo lina uzito wa pekee. Utafiti wa kitaifa wa viashiria vya VVU wa mwaka 2022/2023 ulionesha maambukizi ya asilimia 11.1 mkoani Iringa na asilimia 9.6 mkoani Mbeya kwa watu wenye umri wa miaka 15 na kuendelea, wakati wastani wa taifa ni asilimia 4.4. Anayeishi na VVU huugua kifua kikuu kwa urahisi zaidi. Aidha, msimu wa baridi watu hulala madirisha yakiwa yamefungwa, hivyo kikohozi cha mmoja huwa hewa ya nyumba nzima, watoto wakiwemo.

Mwananchi aliyekohoa kwa wiki 2 au zaidi, hasa akiwa na homa, jasho la usiku au kupungua uzito, afike kituo cha afya apimwe makohozi. Anayeishi na VVU asisubiri wiki hizo 2. Vipimo na dawa za kifua kikuu hutolewa bila malipo katika vituo vya umma. Aliyeanza matibabu, ambayo kwa kawaida huchukua miezi 6, anaweza kuendelea na chai yake ya tangawizi, mradi haruki dozi.