Kabla ya Kununua Gari, Angalia Mtaa na Umri wa Watoto

Wengi wetu hudhani kinachoamua kama utanunua gari ni mshahara tu. Kumbe kuna mambo mengine mawili: mtaa unaoishi na hatua ambayo familia yako imefikia.

Mtaa unaamua

Ukiishi Umoja, duka, mama mboga na steji unafika kwa miguu. Gari lako linaweza kulala parkingi wiki nzima. Sasa hamia Kitengela, kule ndani ambako nyumba ni nafuu. Kodi inashuka, lakini unahitaji boda hadi steji, kisha matatu hadi tauni, na mvua ikinyesha nauli inapanda. Hapo gari linaanza kuonekana lazima.

Barabara nayo huvuta. Nairobi Expressway, kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, ilifunguliwa 2022. Inaokoa muda, lakini kila ukipita unalipa. Wakazi wa Syokimau wana njia nyingine: kituo cha treni kilichofunguliwa 2012.

Familia nayo inabadilika

Ukiwa peke yako kwa bedsita, matatu inatosha. Mtoto wa kwanza akizaliwa, kuna kliniki, na kumpakata kwa boda si mchezo. Watoto wakiwa shule mbili tofauti, asubuhi moja ina safari tatu. Wakienda bweni, gari lile lile linatoka Jumapili tu. Bima lakini bado unalipa, maana sheria inakutaka uwe nayo ukiwa barabarani.

Piga hesabu hivi

Fungua rekodi zako za malipo ya simu za miezi 3. Jumlisha nauli, boda na teksi, kisha ugawanye kwa 3.

Tuseme kwenda kazini ni boda 50 na matatu 100, na kurudi vivyo hivyo. Hiyo ni KSh 300 kwa siku, yaani KSh 6,600 kwa siku 22 za kazi. Wazazi wawili: KSh 13,200. Sasa linganisha na mafuta, bima, sevisi, parkingi na mkopo wa gari kwa mwezi.

Ukitafuta nyumba, fanya hesabu hiyo kabla ya kulipa depositi. Nyumba ya kodi nafuu si nafuu mpaka ujumlishe nauli. Na kama watoto wanakaribia kwenda bweni, jiulize: gari hili litakuwa na kazi gani mwaka ujao?