Uchovu wa metali na kazi za baada ya uchapaji

Kitenzi *kuchoka* kina matumizi mapana katika Kiswahili. Mtu huchoka kwa kazi; viatu, gari na hata nyumba navyo husemwa kuwa vimechoka. Katika matumizi haya ya pili, kuchoka hukaribiana na kuchakaa: kitu kimetumika mno na macho yanaliona hilo. Istilahi *uchovu wa metali* imetokana na kitenzi hicho hicho, lakini haibebi maana hiyo, na hapo ndipo mfasiri wa matini za uhandisi anapoweza kujikwaa.

Uchovu wa metali ni hali ya metali kupasuka polepole kutokana na mizigo inayojirudia, ingawa kila mzigo, ukichukuliwa peke yake, hauwezi kuivunja. Ufa huanzia penye dosari, hukua kidogo kidogo kila mzigo unapokuja na kuondoka, kisha kipande huvunjika ghafla. Ndege ya Comet iliyoanguka karibu na kisiwa cha Elba mnamo Januari 1954 ilikuwa na umri wa miaka mitatu tu. Haikuwa chakavu, uchunguzi ulihitimisha kwamba mwili wake ulishindwa kwa uchovu, baada ya shinikizo la hewa kupanda na kushuka ndani yake safari baada ya safari.

Leo suala hili linajitokeza upya katika uchapaji wa metali, yaani utengenezaji wa vipuri kwa kuyeyusha unga wa metali kwa leza, tabaka juu ya tabaka. Kipuri cha titani kinachotoka mashinani huwa na kasoro tatu: uso unaokwaruza, vitundu vidogo ndani, na mkazo uliobaki kutokana na kupashwa na kupozwa kwa haraka. Kila moja yaweza kuharakisha ufa.

Tiba zake hazifanani. Kupasha kipuri katika tanuri hupunguza mkazo, lakini hakuzibi vitundu. Kukibana kwa gesi ya agoni katika joto la nyuzi 900 hivi za Selsiasi, kwa shinikizo linalofikia takribani mara 1,000 ya lile la angahewa, hufunga vitundu vya ndani, lakini hakulainishi uso. Aidha, kitundu kilichofunguka usoni hakifungwi, kwa kuwa gesi huingia humo na kusukuma kutoka ndani sawa na nje. Kukereza na kung'arisha huondoa ukwaruzi wa uso, lakini kwaweza kufichua vitundu vilivyokuwa chini yake. Kuufua uso kwa gololi ndogo zinazorushwa kwa kasi huacha mkazo wa kubana, unaozuia ufa usifunguke.

Kwa hiyo mpangilio wa hatua ni sehemu ya maana. Matini inayosema kipuri kibanwe kwa gesi *kisha* kikerezwe haiwezi kufasiriwa kwa *na* pekee, kwani *na* huorodhesha bila kupanga. Tumia *kwanza*, *kisha*, *ndipo*.

Kuna pia neno *umaliziaji*, ambalo wafasiri hulikimbilia wanapotaja kazi hizi kwa jumla. Katika ujenzi, umaliziaji ni lipu, rangi na marumaru. Nyumba isiyomaliziwa bado husimama. Msomaji wa mwongozo wa kiufundi atalielewa neno hilo kwa mazoea hayo, na huenda akadhani hatua hizo ni za urembo tu, zinazoweza kurukwa fedha zikipungua. Kumbe kipuri kilichobanwa kwa gesi na kuachwa na uso wake wa awali bado chaweza kupasuka mapema kuanzia usoni. Pendekezo langu ni *kazi za baada ya uchapaji*, kisha kila kazi itajwe kwa jina lake.

Linganisha sentensi hizi:

1. *Kipuri kimechakaa.* Kimelika kwa matumizi.
2. *Kipuri kina ufa wa uchovu.* Kimepasuka kwa mizigo iliyojirudia, hata kama kinang'aa.
3. *Kipuri kimechoka.* Ni sahihi katika mazungumzo, lakini isiandikwe katika mwongozo: fundi atatafuta dalili za uchakavu, asizione, naye atakirudisha kipuri mahali pake.