Mzee akihema, si vumbi tu

Mzee ametoka machimbo ya Misisi ao Kamituga, sasa anapumzika hapa Uvira. Akipanda mlima kidogo anahema, miguu inavimba, usiku analala akiwa amekaa. Sisi tunasema: ni vumbi la mgodi, ni uzee. Kumbe pengine ni moyo. Moyo uko na milango minne ya kupitisha damu upande mmoja. Kwa uzee mlango unakuwa mgumu. Kwa wengine uliharibika tangu utoto, sababu ya ugonjwa wa koo usiotibiwa. Tumpeleke baba kwa munganga, amsikilize moyo. Na mjukuu akiumwa koo na homa, tusingojee: penisilini ya munganga, ikitolewa mapema, inamlindia moyo mpaka uzee.